Flapu na trimu za umeme kwenye Cessna 172: kuzikagua, kujua zimeharibika wapi, na la kufanya zikigoma angani

Mota inayoshusha flapu za Cessna 172, vile vibamba vya nyuma ya mabawa vinavyoongeza unyanyuzi wakati wa kutua, haijui pa kusimama. Ukiipa umeme itazunguka. Itazunguka hata flapu zikiwa zimefika mwisho, hata kebo ikiwa imekatika, hata kama kuna kokoto imekwama kwenye reli. Kinachoisimamisha ni swichi chache ndogo zinazoenea kwenye ncha ya kidole, kebo nyembamba inayorudisha habari kwenye dashibodi, sakiti breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi), na macho ya rubani. Ukivielewa hivyo vinne, umeuelewa mfumo mzima, na hata trimu ya umeme, inayomsaidia rubani kuishikilia pua bila kukaza mkono, haitakusumbua.

Nimemwandikia mwanafunzi wa urubani na fundi anayeanza. Nimechagua 172 kwa sababu ndiyo ndege ya shule ambayo marubani wengi wanaanzia, na kwa sababu umeme wake unafuatika kwa mita ya kawaida na taa ya mkononi. Tarakimu nitakazotaja ni za 172S isipokuwa pale nitakaposema vingine. Kitabu cha ndege unayoishika wewe ndicho chenye neno la mwisho, kwa maana ndege mbili za jina moja zinaweza kutofautiana.

Umeme unapita wapi

172 za kwanza, za mwaka 1956, zilikuwa na flapu za kuvuta kwa mkono. Kulikuwa na wenzo mrefu sakafuni kati ya viti, na nguvu ilikuwa ya rubani mwenyewe. Flapu za umeme zilikuja na 172F ya mwaka 1965. Tangu hapo rubani hahisi tena mkononi uzito wa hewa unaogonga flapu, na ndiyo maana ukaguzi wa macho umekuwa na uzito kuliko zamani.

Fuata njia hii. Umeme unatoka kwenye betri ya volti 24, au kwenye altaneta ya volti 28 injini ikiwaka, unapita masta swichi na kufika kwenye njia kuu ya umeme nyuma ya dashibodi. Hapo unakutana na sakiti breka ya ampea 10 iliyoandikwa FLAP. Ukitoka hapo unaingia kwenye mkono wa flapu, ule wenzo mdogo wa rubani kwenye dashibodi. Nyuma ya mkono huo kuna swichi ndogo mbili, moja ya kushusha na moja ya kupandisha. Kisha waya zinapanda kupitia ukuta wa kabini mpaka ndani ya bawa la kulia, ziliko swichi za kikomo, zinazokata umeme flapu zikifika mwisho, na mota yenyewe.

Mota inazungusha skrubu ndefu. Nati iliyo juu ya skrubu hiyo inasogea mbele au nyuma na kuzungusha puli kubwa ya bawa la kulia. Puli hiyo inavuta kebo zinazovuka juu ya vichwa vya abiria kwenda kwenye puli ya bawa la kushoto. Kwa hiyo mota ni moja tu. Flapu ya kushoto haina mota yake, inavutwa na ya kulia kwa kebo. Kumbuka hilo, tutalirudia tukifika kwenye ndege inayopinduka upande.

Mfumo wa mkono wenye vituo vya nyuzi 10, 20 na 30 una jambo zuri ndani yake. Ukisogeza mkono hadi 10, swichi ndogo inabanwa na mota inaanza. Flapu zinaposhuka, zinavuta ile kebo nyembamba ya kurudisha habari, nayo inasogeza kielekezi kwenye dashibodi na wakati huohuo inaiondoa swichi pale ilipobanwa. Flapu zikifika 10, swichi inaachia na mota inasimama. Kwenye matoleo ya zamani hakuna vituo. Unaishikilia swichi kwa kidole huku ukitazama kielekezi, halafu unaachia.

Kielekezi, kwa hiyo, kinakuonyesha kebo nyembamba imefika wapi. Hakikuonyeshi flapu ya kushoto iko wapi. Zungusha shingo uitazame.

Kabla hujagusa chochote

Ufunguo wa magneto (wa kuwashia injini) utoke kwenye swichi na uwekwe juu ya dashibodi mahali ambapo kila mtu anauona. Kama ni kazi ya hangani na unataka kuingiza mkono ndani ya bawa, vuta sakiti breka ya flapu, kisha uchomoe betri. Funga kibandiko kwenye mkono wa flapu ili mwenzako asije akaingia kabini na kuushusha wakati vidole vyako viko kwenye puli. Mota hii ni ndogo, lakini skrubu yake ina nguvu ya kushinda upepo wa ndege inayokwenda zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Kidole hakitaisimamisha.

Kama unajaribu flapu huku mtu yuko nje, mwite na usubiri akujibu. Ukingo wa nyuma wa flapu ni mwembamba na uko kwenye kimo cha uso.

Ukaguzi kabla ya kuruka

Wengi wanawasha masta, wanashusha flapu moja kwa moja hadi mwisho, wanazima, wanatoka. Mimi nashauri usimame kwenye kila kituo.

Washa masta. Weka mkono kwenye 10 na usikilize. Mota yenye afya ina sauti moja isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti inayozama katikati, kisha ikapanda, inakwambia kuna mahali pagumu: skrubu kavu, beringi ya puli inayokaza, au rola iliyokwama. Flapu zikisimama, tazama kulia, tazama kushoto, kisha kielekezi. Vyote vitatu vikubaliane. Nenda 20, rudia. Nenda 30, rudia. Kama kwenye kituo chochote mota inaanza na kusimama, inaanza na kusimama, kebo ya kurudisha habari imelegea au haijarekebishwa sawasawa. Ndege itaruka bado, lakini mwambie fundi, maana mota inayowaka na kuzimika hivyo inaunguza swichi zake.

Zima masta mara tu ukimaliza. Altaneta haifanyi kazi injini ikiwa imezimwa, na kila mzunguko wa flapu unakula betri ambayo utaihitaji kuwasha injini dakika kumi baadaye.

Sasa toka nje. Simama nyuma ya ndege, hatua chache kutoka mkiani, mahali unapoziona flapu zote mbili kwa mkupuo mmoja. Tofauti ya pembe ambayo ukiwa karibu huioni, kutoka hapa inajitokeza. Kisha sogea kwenye flapu moja moja.

Shika ukingo wa nyuma kwa viganja viwili, taratibu, uusukume juu na chini. Kucheza kidogo ni kawaida. Kucheza kunakotoa mlio wa kugonga, au flapu moja kucheza sana kuliko mwenzake, si kawaida. Inama uangalie reli: ni vipande vya chuma vyenye mifereji iliyopinda, na ndani yake kuna rola. Rola izunguke. Rola isiyozunguka inajikwaruza sehemu moja mpaka inakuwa bapa, na utauona unga wa chuma wa rangi ya kijivu ukingoni mwa mfereji. Angalia fimbo ya kusukuma inayotoka ndani ya bawa na kushika flapu. Bolti iwepo, nati iwepo, na pini ya usalama iwepo pale inapotakiwa. Angalia bati la juu la flapu linapoingia chini ya bawa: mikwaruzo mipya inayong'aa ni dalili kwamba kitu kimehama mahali pake.

Kwa ndege zinazotua kwenye viwanja vya changarawe, upande wa chini wa flapu ndio unaopigwa mawe na magurudumu. Pitisha kiganja. Bonde dogo si neno, lakini ufa unaoanzia kwenye ribiti ni sababu ya kumwita fundi kabla ya kwenda popote. Na kwa ndege za Zanzibar, Mombasa au Mafia, adui ni chumvi. Inaingia kwenye plagi za waya na kwenye swichi ndogo, na hitilafu yake ni ile inayokuja na kuondoka, inayomchosha kila mtu. Bara, vumbi linachanganyika na grisi ya skrubu na kuigeuza kuwa msasa.

Trimu ya umeme

Trimu ya 172 ni kipande kidogo chenye bawaba kwenye elevata ya kulia, elevata ikiwa ni bamba la mkiani linaloinua na kushusha pua. Kinazungushwa na gurudumu lililo katikati chini ya dashibodi, na kwenye ndege zenye otopailoti (mtambo unaoirusha ndege wenyewe), mota ndogo inaweza kulizungusha gurudumu hilo kwa ajili yako. Trimu ni ya kuiogopa kuliko flapu. Flapu zikikwama unatua kwa kasi zaidi. Trimu ikikimbia yenyewe, inaisukuma pua ya ndege chini au juu kwa nguvu inayoongezeka kila sekunde, na unaweza kujikuta unashikilia usukani kwa mikono miwili usiweze hata kushika redio.

Kwa sababu hiyo swichi ya trimu kwenye usukani imegawanywa vipande viwili. Kipande kimoja kinakaza klachi, kingine kinaipa mota umeme na kuiambia izunguke upande gani. Wazo ni kwamba swichi moja ikijishika yenyewe, trimu isiende. Lakini ulinzi huo upo tu ikiwa umeujaribu, kwa sababu kipande kimoja kikijishika leo hutajua lolote. Kitasubiri siku cha pili nacho kiharibike.

Jaribu hivi, kila siku kabla ya safari ya kwanza:

1. Sukuma kipande cha kushoto peke yake, juu na chini. Gurudumu lisisogee.
2. Sukuma cha kulia peke yake, juu na chini. Lisisogee pia.
3. Sukuma vyote viwili. Gurudumu lizunguke upande unaotakiwa. Likiwa linazunguka, lishike kwa mkono. Klachi iteleze na gurudumu lisimame. Usipoweza kulishinda kwa mkono chini, hutalishinda angani.
4. Likiwa bado linazunguka, bonyeza kitufe chekundu cha kukata otopailoti na trimu. Lazima lisimame papo hapo.
5. Toka nje uangalie kipande chenyewe. Ukiwa umeweka trimu ya kuinua pua, kipande kinashuka chini. Wanafunzi wengi wanatarajia kipande kiende juu, na fundi aliyeunganisha waya kinyume naye anaweza kudanganyika vivyo hivyo.
6. Rudisha kwenye alama ya kuondokea.

Namba 5 ipewe uzito wa pekee ndege ikiwa imetoka matengenezo. Waya mbili zilizobadilishana zinapita majaribio yote ya kabini: gurudumu linazunguka, klachi inateleza, kitufe kinakata. Upande tu ndio si wenyewe.

Zikigoma angani

Flapu hazishuki. Kwanza rusha ndege: kasi, kimo, mwelekeo. Kisha angalia masta na kipimo cha umeme. Kama altaneta imekufa na betri imechoka, tatizo lako si flapu. Halafu angalia sakiti breka. Ikiwa imeruka, kitabu cha ndege yako ndicho kinachosema kama unaruhusiwa kuirudisha. Msimamo wangu ni huu: flapu si kitu cha kuhatarishia ndege moto. Sakiti breka imeruka kwa sababu umeme mwingi umepita mahali, na waya hiyo iko ndani ya bawa lilelile lenye tangi la mafuta. Ukiirudisha mara moja ikaruka tena, basi, iache. Kuishikilia kwa kidole ni kuiondolea ndege kinga pekee iliyobaki.

Tua bila flapu. Kitabu cha 172S kinaelekeza kuongeza noti 9, yaani kama kilomita 17 kwa saa, kwenye kasi ya kukaribia na kutarajia umbali wa kutua mrefu kwa asilimia 35. Kwa hiyo fanya hesabu kabla hujaanza kushuka. Kama ungehitaji mita 400, sasa ni mita 540. Kwenye Arusha au Wilson ya Nairobi, viwanja vilivyo juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi inafanya ndege iende kasi zaidi juu ya ardhi kwa kasi ileile ya kipimo, na umbali wa kitabu tayari ni mrefu zaidi kabla hujaongeza hiyo 35. Zunguka kwa mzunguko mpana, shuka mapema, na ujue kwamba pua itakaa juu kuliko ulivyozoea na uwanja utafichika kidogo. Kama kiwanja ni kifupi na mafuta yapo, nenda kwenye kirefu.

Flapu hazipandi baada ya kuahirisha kutua. Hili ni gumu zaidi. Nguvu yote ya injini, pua isiinuke sana, kasi ishikwe. Ndege itapanda, ila polepole. Matoleo kama 172N yalikuwa na flapu za hadi nyuzi 40, ambazo kupanda nazo ni taabu. Mwaka 1981 172P ikawekewa kikomo cha 30, na uzito wa juu unaoruhusiwa ukapanda kutoka pauni 2,300 hadi 2,400. Ukikwama hivyo, usihangaike na dashibodi karibu na ardhi. Fanya mzunguko mdogo wa usalama, utue tena. Uko tayari kwenye umbo la kutua.

Ndege inapinduka upande flapu zinaposogea. Hapa ndipo ile habari ya mota moja inapokuja. Kebo au fimbo ikikatika, flapu moja inaweza kushuka na nyingine ikabaki, na bawa lenye flapu linanyanyuka. Usianze kutafuta sababu. Rudisha mkono wa flapu ulikokuwa sekunde chache zilizopita, papo hapo, huku ukipinga kwa eleroni, vile vibamba vya kwenye mabawa vinavyoinamisha ndege kushoto na kulia. Ikitulia, tua na flapu zilivyo na usiziguse tena.

Na usizidishe kasi. Nyuzi 10 zinaruhusiwa hadi noti 110, sawa na kilomita 204 kwa saa. Zaidi ya nyuzi 10 hadi 30, kikomo ni noti 85. Kushusha flapu kwa kasi zaidi huenda kusivunje kitu siku hiyo. Kunapinda fimbo na kupanua matundu ya bolti kidogo kidogo.

Trimu inakimbia. Shika usukani kwa nguvu. Bonyeza kitufe chekundu na uendelee kukibonyeza, usikiachie. Kwa mkono mwingine vuta sakiti breka ya otopailoti na trimu. Hapo ndipo unaachia kitufe, na unarudisha trimu kwa gurudumu. Jizoeze kuigusa hiyo sakiti breka ukiwa umefumba macho, ndege ikiwa imeegeshwa.

Hangani: kutafuta ilipo hitilafu

Anza na swali moja: flapu zinagoma kushuka na kupanda pia, au zinagoma njia moja tu? Jibu lake linakata kazi nusu.

Zikigoma njia zote mbili, tafuta vitu ambavyo kushuka na kupanda vinashirikiana: sakiti breka, waya wa kuingia kwenye mkono wa flapu, ethi ya mota (njia ya kurudisha umeme kwenye mwili wa ndege), kaboni za mota. Zikigoma njia moja tu, vitu hivyo vyote ni vizima, kwa sababu njia nyingine imevitumia. Basi tafuta kwenye swichi ndogo ya njia hiyo, swichi ya kikomo ya njia hiyo, na waya kati yake. Fundi anayebadilisha mota kwa sababu flapu zinashuka lakini hazipandi, mara nyingi anatupa mota isiyo na kosa.

Mota ikilia na flapu zisiende, umeme umefanya kazi yake. Kilichokatika kiko kati ya mota na puli.

Mota ikienda polepole, au sakiti breka ikiruka mara mojamoja, usianze kwa kufungua kitu. Pima volti ikiwa inafanya kazi. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwa mafundi wachanga: wanachomoa plagi ya mota, wanaweka mita, wanasoma volti 24, wanasema umeme upo. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima kati ya kumi na tisa utakuonyesha volti 24 zote mota ikiwa haijaunganishwa, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Mota ikianza kuvuta, volti zinaporomoka kwenye huo uzi mmoja, nao unapata moto.

Kwa hiyo pima hivi. Unganisha umeme wa nje ili betri isikudanganye. Acha mota imeunganishwa. Weka ncha moja ya mita kwenye njia kuu ya umeme, nyingine kwenye waya unaoingia mota, kisha mwenzako asogeze flapu. Mita sasa inasoma volti zilizopotea njiani. Waraka wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wa AC 43.13-1B unaruhusu upotevu wa volti 2 kwenye mfumo wa volti 28 kwa kifaa kinachofanya kazi kwa vipindi kama mota ya flapu, na volti 1 kwenye mfumo wa 14. Ukisoma zaidi, sogeza ncha ya pili kurudi nyuma, kiungo kwa kiungo: kabla ya swichi ya kikomo, kabla ya mkono wa flapu, baada ya sakiti breka. Pale usomaji unaposhuka kwa ghafla, ndipo penye ugonjwa. Kisha pima ethi namna hiyohiyo, ncha moja kwenye mwili wa mota, nyingine kwenye hasi ya betri. Iwe karibu na sifuri. Ethi iliyofungwa juu ya rangi au kutu ni hitilafu ya kawaida sana kwa ndege za pwani, na inatafutwa ya mwisho wakati ingetafutwa ya kwanza.

Volti zikiwa nzuri na mota bado inazidisha ampea, kuna kinachoikaza. Tenganisha fimbo za flapu na usogeze kila flapu kwa mkono kwenye reli zake. Ikipita laini, rudi kwenye puli, na mwisho kwenye skrubu.

Ukishaondoa na kurudisha chochote kati ya hivi, swichi za kikomo zipimwe upya kwa kifaa cha kupimia pembe kilichowekwa juu ya flapu, si kwa kielekezi cha dashibodi. Na kazi hii isainiwe na mwenye leseni ya TCAA au KCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, au mamlaka ya nchi yako. Mwanafunzi anaweza kuifanya yote, sahihi si yake.

Skrubu na grisi

Sehemu hii naomba isomwe polepole.

Tarehe 31 Januari 2000, ndege ya MD-83 ya Alaska Airlines, safari namba 261, ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Anacapa, California. Watu wote 88 walikufa. Kwenye ndege hiyo bawa la mlalo la mkiani linasogezwa na mota za umeme zinazozungusha skrubu moja ndefu ndani ya nati. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, ulikuta nyuzi za nati zimeliwa karibu zote kwa kukosa grisi. Kwenye skrubu, mahali inapofanyia kazi, hapakuwa na grisi ya maana, na tundu la kuingizia grisi lilikuwa limeziba kwa mabaki makavu. Mota zilikuwa nzima na umeme ulikuwepo. Trimu ilipokwama marubani walijaribu kuikwamua kwa mota hizohizo, na nati iliyokwisha kulika ikaachia.

Skrubu ya flapu ya 172 ni ndogo na matokeo yake si makubwa kiasi hicho, lakini ugonjwa ni uleule. Ifungue sehemu ya kuingilia chini ya bawa la kulia kwenye ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka. Mulika. Grisi nzuri ni laini na inang'aa. Iliyokuwa kahawia, ngumu, yenye chembe, haistahili kuongezewa juu. Ipanguse yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, safisha kwa kimiminika kinachoruhusiwa, kausha, kisha paka mpya ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha matengenezo. Endesha flapu mzunguko mzima, uangalie kama grisi imeenea hadi ncha zote mbili. Grisi mbili za aina tofauti zisichanganywe, baadhi zinavunjana na kutiririka.

Ukipanda kwenye ndege kubwa zaidi

Cessna Caravan, ambayo ndiyo inayobeba watalii kwenda Serengeti na Maasai Mara, ina mota mbili za flapu. Ya pili ni ya akiba, na swichi zake ziko juu ya kichwa, zimefunikwa na kufungwa kwa waya laini wa kukatika. Ukiitumia, vituo vya mkono havifanyi kazi tena, na kitabu kinaelekeza usimamishe mota kabla flapu hazijafika mwisho wa juu au wa chini. Ukishaitumia, swichi zibaki kwenye akiba mpaka mafundi waiangalie. Rubani wa Caravan ambaye hakujifunza kuitazama flapu yenyewe anakosa kitu anachokihitaji siku hiyo.

Kwenye Boeing 737, mota ya umeme inasogeza bawa zima la mlalo la mkiani, na kuna swichi mbili za kuikata karibu na gurudumu la trimu. Tarehe 10 Machi 2019, safari ya Ethiopian 302 kutoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuruka. Watu 157 walifariki, 32 kati yao Wakenya. Programu iitwayo MCAS ilipata taarifa ya uongo kutoka kwa kihisi kimoja ikaiendesha mota hiyo kushusha pua, ikarudia. Marubani walizikata swichi. Lakini kasi ilikuwa kubwa na hewa ilikuwa inaligandamiza bawa la mkiani kiasi kwamba gurudumu la mkono halikuzunguka. Kwa rubani wa ndege yoyote ndogo, cha kuchukua pale ni mpangilio: kata umeme mapema, kabla mzigo haujakua, na punguza kasi ili mkono uweze.

Boeing 787 na Airbus A220, ambazo Air Tanzania inazo zote mbili, zimeondoa mafuta ya hidroliki kwenye breki za magurudumu. Kwenye 787 kila breki inabanwa na viendeshi vinne vya umeme, na kimoja kinaweza kubadilishwa peke yake bila kumwaga tone la mafuta. Lakini kipimo cha volti zinazopotea njiani, mzigo ukiwa juu, kinafanyika kwa kanuni ileile niliyoieleza hapo juu.

Kuandika kwenye logi

"Flapu mbovu" haimsaidii fundi. Andika zilikuwa nyuzi ngapi na mkono ulikuwa wapi, zilikuwa zinashuka au zinapanda, kasi ilikuwa ngapi, mota ilisikika au la, sakiti breka iliruka au la, na kama iliruka, iliruka mara moja au baada ya sekunde kadhaa. Kuruka mara moja kunaelekeza kwenye waya iliyogusana na bati. Kuruka baada ya sekunde kadhaa kunaelekeza kwenye kitu kinachokaza. Andika pia kama ndege ilikuwa imenyeshewa, imeoshwa, au imelala nje pwani usiku uliopita. Mfano: "Flapu 20 kwenda 30, noti 70, mota ilisikika ikizama sauti, sakiti breka iliruka baada ya sekunde 3 hivi, haikurudishwa. Kielekezi kilibaki 24. Flapu zote mbili zilikuwa sawa kwa macho. Ndege iliegeshwa nje Zanzibar usiku kucha." Fundi akisoma hayo anajua aanze na skrubu na reli, na anajua mita aianzishie wapi.